Gundi ya Fidla na Mikorosho ya Marehemu

Ndugu zangu wa Nachingwea na Ruangwa, mpingo wa misitu yetu ni mti wa subira. Huweza kupita miaka 70 kabla haujafaa kuvunwa, na kiini chake cheusi ni kizito hata huzama majini. Unaokwenda ng'ambo hutengenezewa klarineti, na mwingine huchongwa vigingi vya fidla, vile vinavyozungushwa kukaza nyuzi.

Kwenye fidla hiyohiyo ipo gundi, nami leo nataka tuitafakari hiyo.

Ubao wa juu unapokutana na mbavu za fidla, fundi hatumii gundi kali. Hupasha moto gundi ya ngozi ya wanyama, tena huizimua kwa maji. Anajua mbao hazitulii: zikipata unyevu hutanuka, hewa ikikauka husinyaa. Gundi ikizidi nguvu ya ubao, ubao ndio utakaopasuka. Ikiwa ya ngozi, kiungo huachia kwanza na ubao hubaki mzima. Fundi hupitisha kisu chembamba, hufungua, hurekebisha ndani, kisha hufunga upya. Ndivyo fidla za Hardanger kule Norwei, zenye nyuzi nyingine chini ya zile zinazopigwa, zinavyoweza kuimba hata baada ya miaka mia moja na zaidi.

Namkumbuka fundi huyo kila msimu wa korosho. Fedha za chama cha ushirika, AMCOS, zikiingia, ndugu wa tumbo moja huapizana juu ya mikorosho ya marehemu baba: sitakanyaga kwako, wala kwenye msiba wangu usije. Kiapo cha namna hiyo ni kama gundi kali: hakina pa kufungulia. Watoto hukua hawamjui baba yao mdogo, naye anaishi kitongoji cha pili.

Katika Mwanzo 33 Esau alimkimbilia Yakobo, ndugu yake waliyekosana, wakakumbatiana, wakalia. Hawakuhamia pamoja: Esau alirudi Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Wapo wanaosema upatanisho ule ulikuwa nusu. Mimi naamini ulitosha, kwa kuwa sura ya 35 inatuonyesha wote wawili wakimzika Isaka baba yao. Nanyi mnaweza kuweka mpaka, kila mtu akapalilia mikorosho yake, na bado mkakaa msiba mmoja.

Wenye shauri la aina hii wawaone wazee wa kanisa kabla ya mnada wa kwanza wa korosho. Tutakuja kukaa nanyi hukohuko shambani, penye mpaka wenyewe.