Usiuziwe Kadi Kwenye Gunia

Mwanangu, jana umenionyesha picha ya seva kwenye simu yako. Mtumba kutoka Uingereza, diski nne, bei ya kuvutia, na ndani yake kadi ya RAID ambayo muuzaji anaapa kuwa inakubali Linux yoyote. Nilinyamaza kwa kuwa wenzako walikuwepo na sikutaka kukuaibisha. Leo tuko wawili. Usitoe pesa bado.

Watu husema mchagua jembe si mkulima. Kwenye seva mambo yamegeuka: asiyechagua ndiye atakayelima usiku kucha, tochi mdomoni, mwenye ofisi amemsimamia mgongoni.

Hapa Magongo tumekaa kati ya uwanja wa ndege na bandari, na kazi yetu mafundi hutoka huko huko. Tangu mamlaka ya ushuru, KRA, walete mfumo wa forodha wa Simba mwaka 2005, wakala wa forodha asiye na kompyuta ni sawa na lori lisilo na magurudumu. Ndipo ofisi ndogo ndogo zilipoanza kununua seva, na ndipo nami nilipofanya kosa ninalotaka ulisikie kutoka kinywani mwangu kabla hujalisikia kwa wengine.

Niliitwa kwenye ofisi moja upande wa Port Reitz. Seva imegoma. Nikafungua, nikakuta kadi ya RAID imekufa lakini diski zote nne ni nzima. Nikajisemea, diski zikiwa nzima, data ipo. Nikatafuta kadi nyingine, ya kampuni tofauti. Ikaingia kwenye tundu lile lile, ikapokea nyaya zile zile. Nikawasha. Ikaziona diski nne tupu, ikaniuliza kama niziandae upya. Nikabonyeza ndiyo. Makarani walichapa ankara upya kutoka kwenye majalada kwa muda wa wiki tatu, na mimi siku hizo nikawa napita njia za nyuma nisikutane na mwenye ofisi.

Kosa langu lilikuwa hili. Wazo la RAID liliandikwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz kule California: badala ya diski moja kubwa ya bei ghali, unganisha ndogo za bei nafuu zisaidiane. Lakini ramani ya muungano huo, yaani kipande kipi kiko diski ipi, kadi huiandika kwa mtindo wake. Kadi ya ukoo ule ule huitambua na kukuuliza kama uichukue ramani iliyokuta. Kadi ya ukoo mwingine haioni kitu. Kwa hiyo ukinunua kadi moja umenunua kufuli lenye ufunguo mmoja. Nunua mbili zinazofanana, moja ikae kwenye droo, au usinunue kabisa.

Sasa hiyo ya kwako. Muuzaji anasema inakubali Linux, Linux ipi? Mwambie aiwashe, wewe andika lspci -nn usome nambari zilizo kwenye mabano ya mraba karibu na mwisho wa mstari. Ukikuta 1000:0079, hiyo ni jamii ya PERC H700 ya Dell. Kadi imara, nimeitumia. Ila Red Hat walipotoa toleo la 8 la Linux yao mwaka 2019 waliiondoa kwenye orodha yao pamoja na nyingine nyingi za zamani, na CentOS 8 ikafuata. Mtu anaanza kusakinisha, anafika pa kuchagua diski, anakuta hamna diski hata moja, anadhani seva ni mbovu. Kumbe ni draiva tu iliyokatwa. Kadi ile ile ukiiwekea Debian inaamka bila maneno. Nambari ile ndiyo ya kuuliza, si jina lililochapishwa kwenye kava.

Kuna na ile RAID ya uongo, inayokuja kwenye ubao mama wa kompyuta za kawaida. Kwenye menyu ya kuwashia inakwambia diski mbili zimekuwa moja. Ukiingia Linux unaziona mbili vile vile. Hiyo ipite kama humjui.

Halafu betri, ambayo ninyi vijana hamuiangalii kamwe. Kadi kama hiyo ina kumbukumbu yake, tuseme megabaiti 512. Programu ikiandika ankara, kadi huipokea kwenye kumbukumbu na kujibu kuwa imeshahifadhiwa, ilhali haijafika diskini. Betri ndiyo inayolinda ahadi hiyo stima ikikatika. Nawe unajua stima yetu. Tarehe 7 Juni 2016 nchi nzima ilikaa gizani kwa sababu ya tumbili aliyeangukia transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru. Betri ya mtumba mara nyingi imechoka au imevimba. Kadi yenye akili ikigundua hivyo huacha kuahidi, inaandika moja kwa moja diskini, na seva inakuwa nzito. Ndipo fundi mjuaji anapoilazimisha iendelee kuahidi bila betri ili mteja asilalamike. Usiwe fundi huyo.

Mimi siku hizi, kwa ofisi ya watu kumi, sitaki kadi yenye akili. Nataka kadi bubu, inayounganisha diski na kunyamaza, kazi ya RAID niiachie Linux yenyewe kwa mdadm. Ramani inakaa kwenye diski kwa mtindo mmoja unaojulikana. Mashine ikifa, diski nazihamishia kwenye nyingine yoyote yenye Linux na zinaunganika. Na kuangalia hali ni jambo la kusoma /proc/mdstat: ukiona [UU] lala, ukiona [U_] diski moja imeondoka, nenda dukani kabla ya ya pili kuifuata. Bekapu uweke pembeni vile vile, maana karani akifuta faili, RAID itaifuta kwa uaminifu kwenye diski zote.

Jumamosi baada ya adhuhuri sina kazi. Tafuta flashi, uiwekee Debian, twende wote kwa huyo muuzaji tuiwashe seva mbele yake na tuifungue kava tuione hiyo betri. Akisema haiwashwi mpaka ilipiwe, nitakununulia kahawa tukirudi.