Kipaji Magoti Yanapochoka

Janet Wanja aliichezea Kenya mpira wa wavu kwenye Olimpiki ya Athens 2004, kazi yake ikiwa kuwapandishia wenzake mipira ya kupiga. Baadaye akarudi Malkia Strikers, timu hiyo ya taifa ya wanawake, kama kocha wa viungo. Akafariki Desemba 2024. Kipaji cha namna hiyo ni mali ya aliyepewa, au ni amana tu? Kingekuwa mali, kingestaafu pamoja na magoti. Ni kama reli ya Mpanda, nchini Tanzania: ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi; mgodi ukafungwa, treni ikaendelea kuleta abiria kutoka Tabora.

Mpinzani atasema wachezaji hodari wengi hushindwa kufundisha, kwa sababu mkono unajua mambo ambayo mdomo hauwezi kuyaeleza. Ni kweli, na tena kocha hulipwa, hatoi sadaka. Ila malipo hayaondoi amana: hata mlinzi wa ghala hulipwa. Tazama vidole vya mpandishaji: vinaugusa mpira na kuuachia papo hapo, maana kanuni zinakataza kuukamata, na sifa ya pointi humwendea mpigaji. Hata enzi za ujana wake, basi, Wanja hakuwahi kumiliki kitu uwanjani. Ukocha ulimhamishia pembeni kazi ileile.