Hesabu ya Jioni

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, hapa Mbagala kila jioni dereva wa daladala humpelekea mwenye gari hesabu yake. Basi mbona nafsi zetu twaziacha zilale bila ya kuhesabiwa?

Wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema: aliyeajiriwa kwa siku, wakati wa tahara na Swala ya fardhi umetolewa katika ijara, wala ujira wake haupunguki. Lakini wako waendao kuswali Adhuhuri, kisha wakakaa barazani kwa mazungumzo hata Alasiri ikakaribia. Swala ni haki yao. Baraza ni khiyana, kwani muda ule umekwisha kununuliwa.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ametufundisha katika Ihyaa tuifanye nafsi kama mshirika wa biashara: asubuhi tupatane nayo masharti, mchana tuichunge, jioni tuihesabu. Msimamizi huondoka, Mola haondoki.

Basi kabla ya kulala jiulize: nimelipwa saa ngapi, na nimefanya kazi ngapi? Iliyopungua uilipe kwa kazi, au umtake radhi mwenyewe; haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake.

Wallahu aalam.