Utulivu wa Anayeuliza

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: jibu lisipokuwa la kweli, kosa ni la nani, la anayejibu au la anayeuliza?

Mfano wangu natoa kwa mafundi wa saa za atomu. Tangu 1967 sekunde hupimwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya siziamu. Saa mpya zaidi hutumia atomu kama za strontiamu, nazo huulizwa kwa mwanga wa leza: je, natetema sawasawa nawe? Atomu haina hila. Shida ni leza, maana nayo hutikisika, na ikitikisika jibu huchafuka. Asiyejua angeilaumu atomu.

Kwa hiyo wataalamu huanza kwa kuituliza leza. Huilinganisha na vioo viwili vilivyowekwa ndani ya chombo kisicho na hewa, mbali na vishindo vya sakafu. Hata joto hutetemesha vioo; ndiyo maana huko Braunschweig, Ujerumani, vilishikizwa kwa kipande cha silikoni kilichopozwa hadi nyuzi 149 hivi chini ya sifuri. Na jibu la atomu likija, inayosahihishwa ni leza.

Hapa Kaisho migomba na mibuni haihesabu sekunde. Lakini kila siku tunapima watu: darasani, barazani, nyumbani.

Katika shule moja nilikofundisha nikiwa kijana, fedha za mwanafunzi zilipotea. Mwalimu wa zamu alimwita mtoto mmoja, akamhoji huku fimbo imeinuliwa. Mtoto akakiri. Baada ya siku mbili fedha zikaonekana ndani ya daftari la mwenyewe. Yule mtoto hakujibu swali, alijibu fimbo. Hata hivyo wenzake waliendelea kumwita mwizi hadi akaacha shule.

Wako watakaosema kwamba utulivu ni kudekeza. Sivyo. Leza iliyotulia ndiyo inayouliza kwa ukali kuliko zote, kwani hugundua hata tofauti ndogo kabisa. Aliyefura hasira husikia mtikisiko wake mwenyewe, akauita ushahidi.

Basi wewe mzazi, mwalimu au mzee wa baraza, kabla hujamwita mtu mwongo, jipime kwanza: mkono umetulia? Na jibu lake likikupinga, je, uko tayari kusahihishwa wewe?