Msisubiri Chemko

Wajukuu zangu wa Rusimbi,

Jumamosi iliyopita nilikaa nyuma yenu katika ule uwanja wa baa wenye mwembe, na niliona yote. Usiku ule sikusema neno, maana si vizuri kumkaripia mtoto mbele ya wenzake. Leo nasema.

Mzee alipanda kwenye zile mbao zilizotandikwa juu ya kreti saa mbili kasoro. Spika mbili, taa moja, kijana wa rithim, wa besi, wa tumba, na yeye na gita lake la solo lililozungushiwa utepe mweusi shingoni. Alichukua muda kupatanisha nyuzi, na mmoja wenu akampigia mluzi. Akaanza rumba, taratibu, na kwa dakika nne nzima nyuso zenu zilikuwa kwenye simu. Chemko lilipoingia mkaruka wote. Lilipokwisha mkaketi, mkaanza kumpigia kelele apige nyimbo za vijana. Alipofika wimbo wa tatu, nusu yenu mlikuwa mmeshateremka zenu Mwanga.

Sikilizeni. Wimbo wa dansi umejengwa kama nyumba zetu, una sebule na una ua. Sebuleni ndiko habari inakotolewa: nani kamkosea nani, nani kaacha watoto, barua ilisema nini. Magita hapo huongea chini chini ili maneno yasikike. Kisha mlango wa nyuma unafunguliwa na watu wanatoka uani kucheza; hilo ndilo chemko. Ukipitia uani utacheza sana, lakini hutajua ndani kulikuwa na msiba au harusi. Zamani tulikuwa tukicheza chemko huku machozi yanatutoka, kwa sababu tulikuwa tumekaa sebuleni tangu mwanzo.

Na vidole vyake mlivitazama? Kuna mahali alipiga sauti tatu, akanyamaza. Mkacheka, mkadhani amesahau. Hakusahau. Mimi nilimsikia huyu akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya sabini, na wakati ule alikuwa hakuachii nafasi hata ya kupumua. Alijaza kila pengo, na sisi tulimshangilia kwa kasi yake. Sasa anaacha pengo makusudi, tumba inasema, rithim inaitikia, ndipo anarudi na sauti moja tu, na hiyo moja inakuingia kifuani. Imemchukua miaka arobaini na kitu kujua lipi la kuacha.

Utepe mliouonyeshana kwa vidole una kisa chake. Bendi nyingi kubwa za ujana wetu zilikuwa za mashirika. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ndiyo Msondo mnayoisikia. Mlimani Park, iliyoanza 1978 na ambayo tunaiita Sikinde, baadaye ikawa chini ya shirika la DDC la Dar es Salaam. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, jambo jema kabisa, ila vyombo ni vya mwenye bendi, na mara nyingi hata jina ni la mwenye bendi. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, zikasikika kuanzia Mtwara mpaka hapa kwetu ziwani, na aliyeziimba akabaki mpangaji wa chumba kimoja. Siku akiacha kazi, anatoka na mikono yake miwili. Mzee wetu alikaa miaka mingi bila gita. Hilo la utepe alilinunua baada ya kuuza mtumbwi.

Mwaka 2013 Muhidin Gurumo, aliyeimba NUTA na kisha kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, alitangaza kustaafu. Diamond Platnumz, ambaye sisi Kigoma tunamhesabu mtoto wetu, akampa gari mwaka huohuo. Nilifurahi mno, na hadi leo namwombea kijana yule heri. Aprili 2014 Gurumo akafariki. Na King Kikii alipofariki Novemba 2024, simu zenu zote zilijaa wimbo wake, Kitambaa Cheupe. Niliwauliza pale kijiweni ni wangapi mliwahi kukaa mbele yake akiimba. Hakuna aliyeinua mkono. Hilo linaniuma, wanangu, kwa sababu huyu wa kwetu yupo hai, na yuko mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Kwingine wanafanyaje? Mick Jagger wa Rolling Stones, mwimbaji wa roki aliyezaliwa 1943, alizunguka Marekani mwaka 2024 akiimba kwenye viwanja vya mpira, na watu walilipa fedha nyingi kumwona mzee wa miaka themanini akirukaruka. Wetu anataka kiingilio cha bei ya soda mbili, na bado kuna waliopitia uzioni.

Basi lipeni kiingilio. Fikeni mapema, jua likiwa bado halijazama upande wa Kongo, mumkute akipatanisha nyuzi; hapo ndipo anapoongea na watu. Mkitaka kumtuza, msimrushie noti miguuni. Nendeni mpaka alipo, mumpe mkononi au muiweke mfukoni mwa shati, kwa heshima. Mwulizeni wimbo aliutunga wapi na kwa ajili ya nani.

Mmoja wenu anajua tayari. Mlipoondoka, alibaki akikunja nyaya za spika bila kuombwa. Mzee akamkabidhi gita. Kijana akaminya nyuzi kwa nguvu zake zote, likatoa sauti ya kukwaruza. Mzee akamshika kidole kimoja, akakisogeza kidogo tu, akamwambia, "Gusa, mjukuu wangu, usilikabe." Wakakaa hapo mpaka jenereta likazimwa, na baadaye gizani nikawa nasikia nyuzi tu.

Asubuhi mama yake alikuja kwangu kulalamika kwamba mtoto amerudi saa saba usiku, ncha za vidole zimevimba. Nimemwomba amruhusu tena Jumamosi hii, na nimemwambia nitakwenda naye mimi mwenyewe.