Kilele au Mwenzako?

Kila mwaka, mwezi wa Mei, mamia ya watu kutoka pande zote za dunia hupanda mlima Everest, ulio mpakani mwa Nepal na China, na ambao urefu wake ni mita 8,849. Hatutaki leo kuuliza kama ni hekima au ni upuuzi mtu kuhatarisha maisha yake ili asimame juu ya theluji kwa dakika chache. Mwenye afya apendaye kupanda, na apande. Ushujaa na uvumilivu ni mambo mema, na mlima humfundisha mtu mengi. Twataka kuuliza jambo lililo zito zaidi. Mpandaji akimkuta mtu asiyemjua amelala njiani, hajiwezi, je, ana haki ya kumpita na kuendelea na safari yake?

Swali hili si la kubuni. Katikati ya mwezi wa Mei mwaka 2006, Mwingereza mmoja aliyekuwa akipanda peke yake alifia chini ya mwamba, upande wa kaskazini wa mlima huo, kando ya njia. Yakadiriwa kwamba watu 40 hivi walipita mahali hapo kabla hajakata roho. Tusiwahukumu wote pamoja. Wengine walipita gizani wasimwone. Wengine walidhani ni maiti ya siku nyingi. Wengine, waliporudi kutoka kileleni, walimpa oksijeni wakajaribu kumsimamisha, lakini alikuwa amekwisha kuzidiwa. Hata hivyo mzee Edmund Hillary, ambaye pamoja na Tenzing Norgay alikuwa wa kwanza kufika kileleni mwaka 1953, alisikitika mno, akasema wazi kwamba uhai wa mtu wapita kilele chochote.

Siku chache baadaye, tarehe 26 Mei, jambo jingine lilitokea upande ule ule. Lincoln Hall wa Australia alikuwa ameachwa usiku kucha, maana wenzake walisadiki kwamba amekufa. Asubuhi Dan Mazur wa Marekani na wenziwe watatu walimkuta ameketi, yu hai. Hali ya hewa ilikuwa njema, na kilele hakikuwa mbali. Walisimama. Walimpa oksijeni, chakula na maji, wakaita msaada kwa redio, wakakaa naye mpaka waokoaji walipokuja. Siku ile hakuna hata mmoja wao aliyefika kileleni. Hall alirudi kwake, akaishi mpaka mwaka 2012.

Wenye kutetea kupita hutoa hoja tatu, nasi yatupasa kuzipima kwa haki.

Hoja ya kwanza: kila mtu alikuja kwa hiari yake, akijua hatari. Ni kweli, lakini haitoshi. Mvuvi akitweka tanga siku ya tufani kwa ukaidi wake, chombo kikapinduka, je, wavuvi wenzake humwacha azame kwa sababu alionywa? La hasha! Humwokoa kwanza, kisha humkemea pwani. Kosa la mtu halimwondolei utu wake.

Hoja ya pili ni gharama. Serikali ya Nepal ilipandisha ada ya kibali cha kupanda Everest kutoka dola 11,000 hadi dola 15,000 mwaka 2025, na hiyo ni sehemu tu ya matumizi yote. Wako waliojinyima miaka mingi wapate safari hiyo moja. Hasara yao twaikubali. Lakini fedha hutafutwa tena, na mlima haundoki mahali pake, aliyekufa harudi. Wazee wetu walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu: huko juu haiwezekani kusaidia. Kileleni mtu hupata theluthi moja tu ya oksijeni apatayo pwani. Kila hatua ni kazi, na akili hufifia. Hakuna mtu apaswaye kutenda lisilowezekana, wala wawili kufa pamoja si msaada kwa yeyote. Lakini twauliza: asemaye kwamba hana nguvu za kumsaidia mwenzake, azipata wapi nguvu za kuendelea kupanda? Aliyebakiwa na pumzi ya kwenda juu anayo pumzi ya kusimama, kutazama, kuita, na kujaribu. Huenda asifanikiwe, lakini neno “haiwezekani” lisitamkwe na tamaa ya kilele kabla ya mtu kujaribu.

Na kwamba mara nyingine yawezekana, ilionekana tarehe 18 Mei 2023. Gelje Sherpa wa Nepal alikuwa akimwongoza mteja wake kileleni alipomwona mpandaji wa Malaysia akitetemeka, ameshika kamba, pale juu ya mita 8,000 ambapo wapandaji wenyewe huita eneo la mauti. Alimsihi mteja wake waache safari, naye akakubali. Kisha, akisaidiwa na mwenzake, alimteremsha mgonjwa kwa muda wa saa sita hivi, mara akimbeba mgongoni, mara akimburuta thelujini. Mtu yule alipona.

Tusimsahau mteja yule. Kiongozi wa njia au mpagazi aishiye kwa ujira, iwe Nepal au hapa kwetu Kilimanjaro, huogopa kumwambia tajiri wake kwamba warudi. Kwa hiyo alipaye ndiye apaswaye kulitamka neno hilo, na kulitamka mapema.

Maana huko juu, penye baridi na uhaba wa hewa, si mahali pa kuanza kujifunza huruma. Shauri hili hukatwa bondeni, kabla mizigo haijafungwa: “Tukimkuta mtu hajiwezi, tutasimama.” Asiyeweza kuahidi hivyo, hata akiwa na mapafu ya chuma, hajawa tayari kupanda.