Maji Yaliyonyimwa Mlango

Watu wa Solai, kaskazini mwa mji wa Nakuru, walizoea kulilia maji. Kiangazi kikishika, vijito vya bondeni hubaki mawe, na mama aliyetoka alfajiri na jerikeni la lita 20 hurudi jua likiwa utosini. Huko juu, kwenye mashamba makubwa, maji yalikuwako, yamezuiwa kwa matuta ya udongo. Wakazi wa chini walinung'unika miaka nenda miaka rudi kwamba mito yao imefungiwa mlimani. Usiku wa Jumatano, 9 Mei 2018, waliletewa yote kwa mpigo.

Bwawa la Patel, mojawapo ya yale ya mashambani juu, lilipasuka baada ya saa mbili usiku, saa ya ugali. Maji na tope vikashuka hadi vijiji vya Energy na Nyakinyua, vikazoa nyumba, mifugo na waliokuwemo. Waliokufa walifika 48, wengi wao wanawake na watoto.

Masika ya mwaka ule yalikuja nyuma ya ukame mkali, yakanyesha tangu Machi bila kupumua. Mtu aliyetoka kwenye ukame hufurahi kuona bwawa linajaa hadi mdomoni. Furaha hiyo ndiyo ya kuogopwa.

Tuta la udongo si ukuta wa zege. Likishindiliwa vizuri huhimili maji yanayoliegemea, ingawa kila mita moja ya ujazo ina uzito wa tani nzima. Lisichohimili ni maji kupita juu yake. Yakishavuka kilele, huchora kijifereji mgongoni mwa tuta, kijifereji kikala kingo zake, na kabla sufuria haijaoshwa pengo limeshatosha lori kupita. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huanza na njia ya maji ya ziada: mfereji mpana pembeni, chini kidogo ya kilele, uliosakafiwa kwa mawe. Karibu mwaka mzima mfereji huo hukaa mkavu, ukaonekana pesa zilizotupwa, na haikosi mtu wa kupanda mahindi humo.

Tuta hufa kwa ndani pia. Fuko akichimba, au mzizi wa mti uliokatwa ukioza, hubaki bomba ambalo maji hulipanua kidogo kidogo, yakitoka na chembe za udongo. Na udongo wa Bonde la Ufa, wenye majivu mengi ya volkano, ni mwepesi kubebwa. Tena ardhi yenyewe haijatulia: tetemeko la 1928 liliipasua palepale Subukia, jirani na Solai.

Baada ya maafa serikali ilieleza kwamba bwawa halikuwa na kibali. Lakini bwawa si sindano ya kupotea majanini. Ofisi inayoliona baada ya mazishi haikuwa ikitafuta. Julai mwaka huohuo watu tisa walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, wakakana, na kesi ikaburuzika mahakamani Naivasha mwaka baada ya mwaka.

Msidhani ni habari ya matajiri na mashamba yao tu. Alfajiri ya 29 Aprili 2024, katika kaunti hiihii ya Nakuru, maji yalifagia vijiji karibu na Mai Mahiu, yakaua watu zaidi ya 50. Kila mtu alisema bwawa limepasuka. Wizara ya Maji ikasema hapana: kalavati chini ya tuta la reli lilizibwa na magogo, mawe na tope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likashindwa. Lilikuwa bwawa lisilo na mwenyewe. Kuzibua kalavati lile kungehitaji sepetu, vijana na siku chache.

Basi wewe unayelala chini ya tuta lolote, la shamba, la barabara au la reli, panda ulitazame kabla ya Machi. Uliza maji ya ziada yanapita wapi, na usikubali kuonyeshwa kwa kidole tu; nenda ukasimame hapo. Kisha shuka chini ya tuta utazame panapochuruzika. Maji yakiwa maangavu, mwite fundi. Yakigeuka tope, waamshe watoto na majirani, mtoke bondeni usiku huohuo.